Jibu: Kwa nini tofali la moto linatanuka badala ya kunywea

Sheikh, umeuliza vipi matofali ya moto (yale yaliyotengenezwa kustahimili joto kali) yamesukuma fremu ya mlango wa tanuri lako hadi ikapinda, na wewe umeambiwa udongo ukichomwa hunywea. Mimi najenga matanuri ya bekari hapa Unguja, na kabla ya jambo lolote huuliza hivi: tanuri likipoa, ukuta unarudi mahala pake?

Ukirudi, hapana ugonjwa. Ukuta wa mita 1 wa tofali la moto la kawaida, ukifika nyuzi 1,000 za Selsiasi, huongezeka milimita 5 au 6 hivi. Fremu ya chuma iliyobanwa kwa saruji haina pa kukimbilia. Mimi hutia kadibodi katikati. Moto wa mwanzo unaiunguza, pengo linabaki.

Usiporudi, basi kitu ndani kimegeuka. Mchanga wa kwatsi (madini magumu ya silika, yaliyomo kwenye udongo na mchanga mwingi) ukifika nyuzi 573 huvimba ghafla, lakini huo ukipoa hurudi. Ukikaa sana kwenye moto mkali zaidi ndipo hugeuka silika ya aina nyingine, nyepesi, na uzito uleule sasa unataka nafasi kubwa. Madini ya kayanaiti nayo, kwenye nyuzi 1,300 na zaidi, huvunjika yakawa mulaiti (madini mengine ya kustahimili moto) na silika, na ujazo ukapanda zaidi ya asilimia 15. Wenye viwanda huyatia makusudi yafidie kunywea kwa udongo. Na udongo uliopitiliza moto huanza kuyeyuka, gesi ikanaswa ndani, ukafura kama andazi.

Ila tanuri la mkate halifiki huko. Kwa hiyo mimi silishuku tofali, naushuku udongo wa kuungia. Mafundi wetu huchota mchanga wa pwani, na mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Kwenye uso wa chumba cha kuni, moto ukikaribia nyuzi 900, unakuwa chokaa mbichi, yaani isiyozimuliwa kwa maji, mambo yaleyale ya tanuu la chokaa. Tanuri likilala siku mbili tatu wakati wa masika, chokaa ile inakunywa unyevu, inavimba, inasukuma matofali. Moto ukiwaka tena maungio yanamomonyoka.

Kama mchanga ule umebaki, utie siki. Ukitoa povu, bomoa maungio ya chumba cha kuni tu, uyajenge upya kwa udongo wa moto, ule unaostahimili joto kali kama tofali lenyewe. Kuba liache.