Wasaidizi wangu hawanielewi: je, tatizo ni sauti yangu?

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitengo chenye watu 14, nimepanda cheo miezi minane iliyopita. Nina sauti ndogo. Nilihudhuria semina ya siku mbili tukafundishwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na lugha ya mwili, maneno ni asilimia 7 tu. Tangu hapo nafanya mazoezi mbele ya kioo kila asubuhi. Lakini kazi bado zinarudi na makosa, na kwenye vikao nikiuliza kama kuna swali, kimya. Mkufunzi ananishauri nilipie ngazi ya pili. Je, kuna mazoezi mengine ya sauti na mwili unayoweza kunielekeza?

JIBU: Ndugu yangu, kioo kiache. Maswali kama lako nayapokea kila mara, na karibu yote yanakuja na namba hiyo hiyo: 93. Nitaanza nayo, maana imewapotezea muda na fedha viongozi wengi wenye nia njema.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha pamoja na wenzake tafiti mbili ndogo. Watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa, mara kwa sauti ya upendo, mara ya chuki, mara ya kawaida. Katika utafiti mwingine wakaonyeshwa na picha za nyuso. Walichotakiwa kukisia ni hisia: huyu anayesema anampenda anayeambiwa, au hampendi? Neno lilipopingana na sauti au uso, watu waliamini zaidi sauti na uso. Humo ndimo zilimotoka asilimia 7 ya neno, 38 ya sauti na 55 ya uso; hizo mbili za mwisho ndizo 93 yako. Neno moja! Hakuna aliyepewa kazi ya kufanya, hakuna aliyeelezwa mabadiliko ya ratiba, hakuna aliyeulizwa baadaye ameshika nini. Mehrabian mwenyewe amesema wazi kwamba hesabu hiyo inamhusu mtu anayeeleza hisia zake, na kwamba haifai kutumiwa kwa mawasiliano yote. Mkufunzi anayeisimamisha ukutani kama sheria hajausoma utafiti anaouuza. Wasomee wasaidizi wako maelekezo ya kesho kwa lugha wasiyoijua, kwa sauti nzito na mikono yote miwili, uone kama watafanya asilimia 93 ya kazi.

Sasa soma tena ulichoniandikia. Hakuna aliyekuambia hakusikii. Kazi zinarudi na makosa, na watu wako hawasemi. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja linalokaa kooni mwako.

La kwanza ni kwamba unayajua mno unayoyaeleza. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akisomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watu kazi ya kugonga mdundo wa nyimbo maarufu mezani ili wenzao wazitambue. Wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitambuliwe. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani; mwenzake anasikia kidole na mbao. Unapomwambia mtu "niandalie ile ripoti vizuri kabla ya Ijumaa", wewe unaiona ripoti nzima, na nani ataisoma. Yeye kapata mbao.

Kwa hiyo acha kabisa kuuliza "mmeelewa?" Swali hilo likitoka kwa bosi lina jibu moja tu. Mwambie: "Nataka kujua kama nimeeleza sawasawa. Utaanza na nini, na ikiisha itakuwaje?" Marubani huyarudia maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege kila siku, na hakuna anayeona amedharauliwa. Wiki ya kwanza utashangaa ni mara ngapi kosa lilikuwa kwenye maelezo yako.

La pili, kimya, ni zito zaidi. "Kuna swali?" mwishoni mwa kikao, watu wakishafunga madaftari, ni namna ya kuaga. Uliza mapema, na uulize kitu: "Nini kinaweza kutuchelewesha mwezi huu?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuumiza. Maoni yako yatoe mwisho, maana ukishayasema wengi watayakubali tu. Halafu jiulize kwa uaminifu: mtu wa mwisho aliyekuletea habari mbaya, ulimpokeaje? Hapa ndipo Mehrabian anapofaa. Ukisema "asante kwa kuniambia" huku uso umekunjamana, watu wote 14 watauamini uso. Lakini uso huo haurekebishwi kwa kioo. Unalegea pale unapoitaka kweli habari mbaya ikufikie mapema.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mahali pengine gharama yake ni roho za watu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Nahodha wa ndege iliyokuwa inaanza kuruka alikuwa na heshima kubwa, mtu aliyefundisha marubani wenzake. Mhandisi wa safari, aliyekuwa naye chumba cha marubani, alimwuliza kama ndege nyingine ilikuwa imeondoka njiani. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo, na hakuna aliyeendelea kubisha. Redio pia ilikuwa na kasoro zake, lakini miaka iliyofuata mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha manahodha kusikiliza walio chini yao, na walio chini kusema mara ya pili wasiposikilizwa. Sauti ya kujiamini walikuwa nayo tayari.

Ndiyo maana nakataa mafunzo haya ya siku mbili yanayomtoa kiongozi akiwa na kidevu juu na cheti mkononi. Yanamwongezea uhakika mtu ambaye tayari haambiwi ukweli, na wasaidizi wake wanazidi kujifungia. Kabla hujalipia ngazi ya pili, mwombe mkufunzi aje aketi kimya kwenye kikao chako kimoja, ahesabu dakika ulizozungumza wewe na walizozungumza wao, kisha akutajie maelekezo yako mawili ambayo hayakueleweka. Wapo wanaoifanya kazi hiyo, na wanaijua. Akikataa, hesabu hizo mpe msaidizi mmoja unayemwamini, mwanzoni mwa kikao chako kijacho.