Bunduki moja, na mahali itakapolala

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Unauliza: ikiwa utamiliki bunduki moja tu, ifae kwa nguruwe pori wanaofukua mihogo ya shamba lako la Muhoro, ifae kwa ulinzi wa nyumba, na siku ukipata kibali ikufae kwa kanga na pongo, uchukue ipi kati ya bastola ya milimita 9, raifo ya risasi ya .30-06 na shotgani ya geji 12. Ukamalizia, "Mama, nitajie moja, usinizungushe."

Nitakuzungusha. Miaka yangu ya ghala la silaha unaijua, sina haja ya kuisimulia. Swali la kwanza si ipi. Swali ni italala wapi. Mmelisikia hili tangu mnanyonya: kitanda kwanza, mgeni baadaye.

Kitanda chenyewe ni sanduku la chuma la kukaa wima, limefungwa ukutani kwa boliti nne zilizoingia kwenye zege, si kwenye plasta. Ukuta wa tofali za kuchoma huko shambani hautoshi; boliti inang'oka na kipande cha tofali, na mwizi anabeba sanduku zima akalifungulie kwao. Risasi zikae kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, chini ya kufuli lingine, chumba kingine. Ufunguo usiwe juu ya mlango. Mkeo anajua mnaweka funguo zote juu ya mlango, wanao wanajua, na fundi wa dari anajua.

Ndani ya sanduku bunduki isivalishwe ala ya ngozi wala turubai. Pwani hii hewa ina maji na chumvi. Ala inanyonya unyevu na kuubana kwenye chuma, ukija kuivua baada ya mwezi unakuta kutu imechora mishono ya ala kwenye mtutu. Isimame mdomo chini, juu ya kitambaa, mafuta ya ziada yachuruzikie mdomoni. Ikisimama kitako chini, mafuta yanashuka kwenye ubao na baada ya miaka ubao unalainika pale unapokutana na chuma. Na usipake mafuta ya nazi, hata kama ndivyo wazee walivyofanya. Yanachacha, yanaganda kama gundi, na pini inayogonga fataki inakuwa nzito. Mafuta ya taa yanaosha tu, hayalindi. Nunua mafuta ya bunduki, au mafuta mepesi ya cherehani ukikosa.

Haya, tuje kwenye zako tatu.

Bastola niimalize haraka, maana inanikera. Kutoka alama ya kulengea ya nyuma hadi ya mbele ni kama sentimita 15. Mkono ukicheza milimita moja tu pale mbele, kwenye shabaha ya mita 15 umekosea sentimita 10. Nguruwe pori anayekimbia hatakusubiri urekebishe. Halafu ni ndogo, na kitu kidogo kinasahaulika: kwenye gari, chini ya mto, kwenye mkoba wa kompyuta. Haina kitanda chake, inalala popote. Hapo umeshajua nasemaje.

Raifo ni habari nyingine, na hapa nagombana na nafsi yangu. Mtu wa porini ukimuuliza bunduki moja ya Afrika, wengi watakutajia raifo ya .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na bado iko sokoni. Risasi ya gramu 19 na ushei, mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, inaangusha pongo na inasimama mbele ya nyati. Moyo wangu uko huko, sitakuficha. Lakini moyo wangu hauna shamba Muhoro. Hiyo .30-06 yako, ukifyatua kwa kuinua mtutu ukakosa, risasi inaweza kwenda kilomita tatu na zaidi. Muhoro ni tambarare. Nyuma ya mihogo kuna watu wanakata mkaa, kuna wanaotoka kuvua, na huna kilima cha kupokea risasi iliyokosa. Ukiipiga kanga, unaokota manyoya.

Tena wewe ni mashoto. Raifo nyingi za kuvuta komeo zimetengenezwa komeo likiwa kulia. Utakuwa unapitisha mkono juu ya bunduki kila baada ya risasi, na macho yameshatoka kwenye shabaha.

Na kabla sijasahau: leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko palepale, hata nguruwe anayekula mihogo yako ana mwenyewe, ni serikali. Kiboko na tembo ndiyo kabisa, hao piga simu kwa maofisa wa wanyamapori, ukae ndani. Usije ukaninunulia .375 kwa kisingizio cha kiboko.

Sasa shotgani. Geji 12 maana yake ratili moja, kama gramu 450, ya madini ya risasi imegawanywa goroli 12 zilizo sawa, na moja inaenea tundu la mtutu: milimita 18.5. Uzuri wake ni kwamba unabadilisha ganda, yaani risasi yake, si bunduki. Ganda la marisau, zile chembe ndogo za risasi, namba 6 lina chembe zaidi ya 200. Hilo ni la kanga, mpaka mita 30 hivi, na chembe zilizokosa hazifiki mita 300. Ganda la goroli kubwa, zile wanazoziandika 00, kwa kawaida lina goroli tisa za milimita 8.4, hilo ni la nguruwe, mita 25, usidanganywe zaidi ya hapo, na ujue goroli iliyokosa inaweza kupita mita 600. Liko na ganda la risasi moja nzima ya gramu 28, ambalo kwa bunduki yenye ushanga mmoja tu wa kulengea mdomoni ni la mita 50.

Watu watakuambia shotgani hailengwi, unaelekeza tu upande ule. Uongo. Mtutu ulio wazi unatawanya marisau kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ndani ya chumba cha mita tano mtawanyiko mzima unafunikwa na kiganja chako. Usipolenga, unakosa kama mwenye raifo.

Ndani ya shotgani zenyewe kuna ile ya kupampu, unayovuta ubao wa mbele kuleta ganda jingine, na ile ya kukunja, inayofunguka katikati kwa bawaba. Ya kupampu ni imara na bei yake si mbaya, ila ina makosa mawili. Mtu mwenye wasiwasi anavuta nusu, ganda tupu halitoki, jipya linalikuta mlangoni, bunduki inakwama. Na maganda yake yanakaa kwenye bomba chini ya mtutu, hayaonekani; mtu anavuta mara moja, linatoka moja, anasema ni tupu, kumbe la pili liko njiani. Maganda pia yanatokea kulia, yaani mbele ya uso wako wewe wa mashoto. Ya kukunja haijali mkono. Ukiikunja, mimi niliye upande wa pili wa uwanja naona mwanga kwenye matundu mawili, najua ni tupu bila kukuuliza. Mitutu miwili, vifyatulio viwili: wa kulia kwa kawaida mdomo uko wazi zaidi, wa kushoto umebanwa ili marisau yasitawanyike mapema. Karibu unavuta cha kwanza, mbali unavuta cha pili. Hicho ndicho kilikuwa kipaji cha bunduki ya babu yenu.

Nimeitaja, basi niseme. Ninyi mliambiwa bunduki ya babu ilizeeka. Haikuzeeka. Wakati ule bado tunavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, daraja halijajengwa. Mjomba wako aliichukua alfajiri kwa ajili ya ngedere, akaniletea barazani niikague kwa kuwa mimi ndiye mtu wa ghala. Niliikunja, nikatazama mlango wa nyuma, chemba, pale maganda yanapokaa, zinang'aa. Nikasema, "Safi." Sikuinua mitutu kwenye mwanga. Vidole viwili kutoka mdomoni, mtutu wa kushoto, nyigu wale wanaojenga vijumba vya udongo walikuwa wamejenga. Kijumba kikavu, kikubwa kama ncha ya kidole gumba. Mjomba akafyatua wa kushoto. Mtutu ukavimba kama koo la chura, ukapasuka kwa urefu wa kidole. Mkono wake ulikuwa nyuma, kwenye ubao. Hakupata hata mchubuko. Babu yenu aliipokea, akailaza mkekani, akaifunika kwa shuka, na jioni watu walipouliza akasema, "Chuma kimechoka." Hakunitazama. Angenigombeza ningelala. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "safi" juu ya kitu chochote, hata sahani, nageuka.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Ndiyo, najua. Hatua ni tatu, zinachukua muda wa kumenya chungwa: kunja, tazama mwanga kutoka nyuma hadi mdomoni, pitisha ufito wenye kitambaa. Kila inapotoka kitandani. Hata kama uliilaza mwenyewe jana.

Kosa la pili linalopasua mtutu ni ganda la geji 20 kuingia kwenye bunduki ya geji 12. Ni jembamba kidogo: linapita chemba, linakwama mbele, ukitazama haraka unaona chemba iko wazi. Mtu anadhani hajaweka, anaweka la 12, anafyatua. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Kopo lako lisiwe na ganda la njano hata moja, hata la zawadi.

La tatu ni urefu. Bunduki za kale za Kiingereza nyingi zina chemba ya milimita 65, za sasa ni 70 au 76. Ganda refu linaingia vizuri kwenye chemba fupi, hapo ndipo hatari ilipo: mdomo wake ukifunguka unakosa nafasi, unabana njia, na shinikizo linapanda. Soma muhuri ulio chini ya mitutu, si maneno ya muuzaji.

Ukipelekwa kuona iliyotumika, itenganishe. Inua mitutu dirishani, tazama ndani: kivuli cha mviringo kama pete ni uvimbe, iache. Ining'inize mitutu kwa kidole kwenye ndoano ya chini, igonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele ulehemu unaoishika pamoja ni mzima, ikinguruma kama debe umeachia. Ondoa ubao wa mbele, funga, tikisa karibu na sikio. Ikigonga, bawaba imelika. Kisha kitako kiweke kwenye kiwiko cha ndani, uone kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kunyoosha. Na kabla hujaipeleka shambani, chora duara la sentimita 75 kwenye karatasi, simama mita 35, kwenye uwanja unaoruhusiwa, upige kila mtutu na kila aina ya ganda unalotarajia kutumia. Mitutu miwili ya bunduki moja haifanani tabia, kama wewe na dada yako.

Mjerumani alitengeneza ya mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa raifo chini yake. Jibu zuri la swali lako, kwa mtu mwenye pesa za kuchezea na subira ya kutafuta risasi za aina mbili.

Unaona nimekwepa kutaja. Sitataja. Nikitaja utasema mama kasema, utaanzia serikali ya mtaa mpaka polisi kwa jina langu, halafu utaleta nyumbani kitu usichokichagua. Ingawa mtu anayesoma vizuri ameshaona kalamu yangu imekaa wapi muda mrefu. Na kuna jibu la nne hukuliandika: kwa nguruwe wa ekari mbili, mtaro, uzio wa miba na mbwa wawili vimewahi kufanya kazi, babu yenu akiwa hana bunduki tena.

Jumamosi njoo Mtoni kwa chakula cha mchana, nitapika samaki wa kupaka. Njoo na picha ya ukuta unaofikiria kufungia sanduku, umetoboa kitundu kidogo nione unga wake: ukiwa wa kijivu ni zege, ukiwa mwekundu tutafute ukuta mwingine.

Mama yako