Muulize Shangazi: Posa huvunjwa kwa alasiri moja

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, nauza vitambaa katika duka la Darajani. Mwaka sasa niko na mwanamme wa miaka 39. Ameposa mtoto wa ami yake Mkoani, Pemba, harusi Mfunguo Mosi, na hilo nililijua tokea mwanzo. Anasema ile ni harusi ya wazee, moyo wake uko kwangu, na akishatulia ataniowa mke wa pili, kwa siri kwanza. Akiwa na mimi hakuna mpole kama yeye. Halafu hupotea siku tatu, nne, simu hapokei, na akirudi mimi ndiye mwenye makosa. Juzi nilimuuliza kwa nini haji kwetu, akaniandikia: "Wewe bado mtoto, hujui mapenzi. Ungekuwa unanipenda usingeniuliza hayo. Na usimwambie mtu, watu wana husda." Simu ninayotumia kaninunulia yeye na kaitengeneza yeye. Namuonea huruma yule msichana wa watu, lakini simu ikilia moyo unaruka. Nimejaribu kuacha mara mbili, nimeshindwa. Nifanye nini?
M., Mjini

JAWABU: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu.

Tuanze na huo moyo unaoruka, maana ndio uliokurudisha mara mbili. Mvuvi wa mshipi akinasa samaki mkubwa hamvuti kwa nguvu, uzi utakatika. Humlegezea, akamkaza, akamlegezea tena, mpaka samaki achoke mwenyewe. Mtu anayejibiwa kila siku hutulia, akala, akalala. Anayejibiwa leo, kesho kimya, keshokutwa maneno matamu, hukaa roho juu, na roho iliyo juu huishika kila faraja kama mtu aliyekuwa akizama. Ile raha unayoipata akirudi siku ya tano, sehemu yake kubwa ni nafuu ya maumivu aliyokupa mwenyewe siku nne nyuma. Usijione dhaifu kwa kushindwa. Ulikuwa unajaribu kuondoka saa ile ile uliyokuwa na njaa zaidi ya sauti yake.

Sasa utazame ujumbe wake, neno kwa neno. "Wewe bado mtoto": hapo amekunyang'anya akili yako, ili ya kwake ndiyo itumike. "Usingeniuliza": swali lako limegeuzwa kosa, na ukirudi kulisoma utaona halikujibiwa kabisa. "Usimwambie mtu": hapo amewaondoa wote ambao wangemuona. Hilo la husda limechaguliwa vizuri, kwa sababu kwetu watu huficha mimba, safari na hata nyumba wanayojenga. Lakini posa haifichwi hivyo. Posa huletwa na wazee, mchana, mlangoni, na baba wa mtoto akawa ndiye wa kwanza kuambiwa.

Na hiyo "harusi ya wazee"? Posa ni ahadi, si ndoa. Mwanamme asiyetaka huwatuma wazee wale wale waliokwenda kuposa, wakapanda boti ya Mkoani, wakasema neno lao kwa adabu, na mahari kama yalishatolewa yakazungumzwa namna ya kurudi. Ni maneno ya alasiri moja. Yapo manung'uniko baadaye, na baina ya watoto wa ndugu huwa makubwa, lakini hakuna anayefungwa kamba. Mtu mzima wa miaka 39 ambaye mwaka mzima hakuipata alasiri hiyo moja ameshakujibu.

La mke wa pili: dini inamruhusu, na sisi hatulibishi hilo. Tunalolipinga ni hiyo siri. Katika madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi wetu hapa, ndoa ina nguzo 5: mume, mke, walii wako, mashahidi 2 na tamko la kuozesha na kukubali. Baba yako akiwa hai, yupo na hana kizuizi, ukaozeshwa chumbani na mtu usiyemjua kwa kuwa "sheikh kasema inafaa", ndoa hiyo haikusihi. Na bila ya cheti, siku akikukana utafika kwa kadhi kudai matunzo au talaka huna kitu mkononi. Anayetaka wake wawili kwa haki hupita mlango ule ule aliopitia kwa wa kwanza.

Ya kufanya, na ufuate mpango huu, kwa sababu wengi huanza na ujumbe wa kuachana, wakabaki peke yao usiku na simu aliyoitengeneza yeye.

Kwanza mwambie mtu mzima mmoja, leo. Khalati, somo yako, mke wa kaka, yeyote anayejua kunyamaza. Usiombe ushauri mkubwa, mwambie tu: "Nataka kumuacha mtu, nikitaka kumpigia nitakupigia wewe."

Pili, simu. Piga *106# uone laini hiyo imesajiliwa kwa jina lako au lake. Ikiwa ni lake, sajili yako. Tafuta simu yako mwenyewe hata ya bei ndogo. Kwenye WhatsApp ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokijua, kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili kwa namba ya siri ya tarakimu 6 ambayo si tarehe yako ya kuzaliwa. Akaunti ya Google iliyomo ndani ya simu kama aliifungua yeye, anaweza kuona picha zako na pahala ulipo, kwa hiyo fungua mpya. Mazungumzo usiyafute, yahamishe yote uyaweke kwa huyo mtu wako. Simu ya zamani ikishasafishwa irudishwe na mtu mwengine. Usiende wewe, hata kama atasema ni dakika tano Forodhani.

Tatu, ujumbe mmoja, bila ya swali ndani yake, kwa sababu kila swali ni mlango. "Nimeamua kuacha. Usinipigie wala usinifuate dukani. Nakutakia kheri." Kisha izuie namba yake. Atakuja kwa namba nyengine, kwa rafiki, kwa habari ya ugonjwa, pengine kwa ahadi ya kuja kwa baba. Akitaka kwa baba hahitaji namba yako.

Saa ngumu ni baada ya Isha. Usikae chumbani na simu. Siku ya nne na ya tano zitakuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa mwili umezoea kuwa ndipo anaporudi.

Ikiwa anazo picha zako na akatishia kuzisambaza, usitoe pesa wala usimbembeleze. Piga picha za skrini zinazoonesha namba na tarehe, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika hadi Zanzibar. Na ikiwa aliwahi kukulazimisha kimwili, kuna Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa, pale hospitali ya Mnazi Mmoja. Likiwa ni jambo la karibuni ufike ndani ya saa 72, ndipo dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapofaa.

Kumhurumia yule msichana ni dalili njema. Huna haja ya kumtafuta.

SWALI: Shangazi, mimi ndiye niliyeposwa. Nimeona maneno ya mchumba wangu na msichana mwengine. Mahari yamepokewa, sanduku limekuja, harusi mwezi ujao. Nyumbani wanasema wanaume ndivyo walivyo.
Chake Chake

JAWABU: Mwanangu, pole. Kabla ya akdi, yaani kufungishwa ndoa, mlango uko wazi. Simamisha sanduku leo: kilichofungwa kisifunguliwe, kitambaa kisikatwe, udi usitiwe motoni, na kila kilichomo kiandikwe. Ugomvi mwingi wa posa iliyovunjika huanzia kwenye nguo zilizokwishashonwa. Mwambie mama kwanza, kisha baba, ukiwa na ulichokiona mkononi. Ukitaka kumpa nafasi, aulizwe mbele ya wazee wa pande mbili, usimuulize wewe kwa simu. Ukiamua kuacha, wazee wale wale waliopokea mahari ndio watakaoyarejesha, kabla kadi hazijatoka. Yule msichana usimpigie, huenda naye kaambiwa wewe ni harusi ya wazee.

Na wakikwambia aibu, waambie kwa upole: baada ya akdi njia za kawaida ni talaka aitoe yeye, au khului, yaani ujikomboe kwa kumrudishia mahari, mara nyingi mbele ya kadhi.