Meli gani ya kuonea barafu Alaska?

SWALI: Habari dada, mi na mzee wangu hapa Moshi tumezoea kuiona barafu ya Kibo kwa mbali tu, sasa watoto wanatulipia safari ya meli Alaska. Tuchague ipi?

JIBU: Shikamoo mama, hongereni jamani! Anzeni na ratiba, iandikwe kabisa inaingia Glacier Bay, ile ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa huko Alaska, maana mle meli kubwa zinaruhusiwa mbili tu kwa siku. Meli ndogo inajipenyeza karibu zaidi ila bei yake iko juu, na kubwa haiyumbi sana, kwa umri wenu mi ningechukua hiyo, chumba chenye baraza. Msimu ni Mei hadi Septemba, makoti mazito lazima. Na viza mama! Hata mkipandia Seattle, hukohuko Marekani, meli inapitia Kanada, kwa hiyo mtahitaji viza zote mbili, ya Marekani na ya Kanada; ulizieni ubalozini mapema kama zinatolewa kwa sasa, na ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.