Kutoka Malindi hadi Manda kwa ndege

Swali: Mhariri, salaam. Mama yangu, mwenye maumivu ya goti, atakwenda Lamu kwa ndege kutoka hapa Malindi. Ni masafa gani, na safari huchukua muda gani?

Jibu: Kutoka uwanja wa Malindi hadi ule wa Manda, unaohudumia Lamu, ni takriban kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, nazo ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 280 kwa saa huzimaliza kwa nusu saa, ukiongeza dakika chache za kupaa na kutua. Barabara huzunguka kupitia Garsen na Witu. Lakini Manda ni kisiwa, hivyo mama atavuka kwa boti hadi mjini Lamu. Hapo ndipo pa kuangaliwa sana, kwa kuwa maji yakipwa, vidato vya gati hubaki vimelowa na huteleza. Mwombe nahodha amshike mkono.