Taulo kuukuu, simiti, na ile oda iliyonitoa machozi

Kuna dada wa Kakamega ameniandikia inboksi juzi, anasema "dada nimeona vyungu vyako vya maua, nipe siri, nataka nianze wiki hii na wiki ijayo niwe nauza". Nimeisoma hiyo meseji mara tatu jamani, kwa sababu hayo ni maneno yangu kabisa, ndivyo nilivyokuwa naongea 2021. Tena imenikuta nimetoka tu kupeleka vyungu 18 kwa mama mmoja huko Milimani hapa Kisumu, vyote vimefika vizima, hakuna hata kimoja chenye ufa, na bado nilishuka kwa tuktuk mikono inatetemeka. Kazi ya miaka hii yote halafu natetemeka, sasa ngoja niwaambie kwa nini.

Mimi nilikuwa msusi Kondele. 2020 korona ikaingia, wateja wakapotea, nikakaa nyumbani na watoto watatu na kodi inadaiwa. Kuna fundi alikuwa anapiga plasta choo cha ploti akaacha simiti kama robo mfuko, na mimi nilikuwa na taulo la watoto limechakaa mpaka linaonyesha upande wa pili. Nikakoroga simiti na maji ikawa kama uji mzito, ule unaoshika mwiko, nikazamisha taulo likanywa vizuri, nikalitandaza juu ya ndoo niliyoipindua, nikapanga mikunjo yake kama leso inavyoanguka kiunoni. Kesho yake nikatoa ndoo, chungu kimesimama chenyewe! Nilikaa pale uani nikakiangalia tu. Nikakipaka rangi nyeupe, nikapanda aloe vera, jirani akakinunua siku hiyo hiyo kwa shilingi 400.

Ndoo lazima uivalishe nailoni kwanza la sivyo haitoki, na mifuko ya nailoni ya dukani hapa Kenya hatuna tangu ipigwe marufuku 2017, mimi hutumia ile inayofunika godoro jipya, omba wauza magodoro wanakupea. Na vaa glavu. Simiti mbichi inachoma, mimi vidole vyangu vilichubuka wiki nzima nikashindwa hata kukanda unga.

Basi 2021 nikapata oda kubwa ya kwanza. Mkahawa mpya upande wa ziwa, vyungu 20, wanafungua baada ya wiki moja. Nilikubali kabla mtu hajamaliza kuongea. Nikaenda soko la Kibuye Jumapili kwa wauza mitumba nikabeba mataulo marobota, tukafanya kazi usiku mimi na binti yangu mkubwa, na ili vikauke haraka nikavianika juani juu ya mabati, na jua la Kisumu mnalijua. Vikawa vikavu kama mfupa kwa siku mbili. Nikafurahi. Nikavipaka rangi, nikavipakia kwa pikapu, na tulipofika na kuanza kushusha, kimoja kikaniachia mdomo mkononi, kingine kikapasuka katikati, tukihesabu 11 vimeharibika. Mwenye mkahawa akaniuliza mbele ya wafanyakazi wake kama nimemletea uchafu. Pesa ya mataulo na rangi ilikuwa ya chama, kile cha kuweka akiba na kukopeshana, nililipa miezi minne. Na wifi yangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anasema naokota takataka, alikuja jioni kunipa pole na uso unacheka. Hiyo sijasahau, nimesamehe lakini sijasahau.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa mawe. Akachukua kipande akakisugua kwa kidole, kikatoka unga. Akaniambia mama, simiti haigandi kwa kukauka, inaganda kwa maji, wewe umeinyima maji ikiwa bado changa. Kumbe! Sasa chungu changu kikitoka kwa ndoo kinaenda kivulini, nakipaka uji wa simiti kwa brashi mara mbili, nje na ndani, kisha nakifunika na gunia bichi, nanyunyiza maji asubuhi na jioni siku 7. Halafu nakiacha kitulie. Nguvu yake yenyewe inakuja karibu siku ya 28, ndio maana oda ya wiki moja siku hizi sichukui hata ukinipa mara mbili ya bei. Na kabla ya kupanda najaza maji, namwaga, najaza tena, siku kadhaa, kwa sababu ile chokaa ya simiti mpya inachoma mizizi. Usisahau shimo chini, litoboe mapema simiti ikiwa laini.

Dada wa Kakamega, ndio hiyo siri, kusubiri. Najua haitoshi kwa mtu mwenye njaa ya pesa, hata mimi isingenitosha. Lakini wacheni kudanganyana kwa zile video za dakika moja, chungu cha dakika moja kitakuaibisha mbele za watu, na aibu ya mbele za watu haina dawa ya duka. Anza na kimoja, kiweke kwako kinyeshewe, ukikalie hata, ndio uuze.

Vyungu vya matairi pia nafanya lakini sina mengi ya kusema, paka kisu maji ya sabuni ndio kikate vizuri, na toboa mashimo maana maji yakisimama ndani unafuga mbu, na malaria huku kwetu si hadithi. Vikapu vya gugumaji kama vya Dunga, pale kando ya ziwa, ni vizuri sana vya kuvalisha vyungu, lakini ndani ya nyumba tu, mvua ikivipata vinaoza.

Na wale mlioniuliza kuhusu simiti iliyobaki kwa mfuko uliofunguliwa, weka mkono ndani. Ukipata madonge yanayovunjika ukiyabonyeza kwa vidole, chekecha utumie. Yakikataa kuvunjika, hiyo ilishakunywa unyevu, usiifanyie chungu cha mteja, nenda hadwea ya mtaa wakupimie kilo mbili tatu mpya.