Kadi za mkono zinanimalizia hela

Swali: Dada, napenda kutengeneza kadi za karatasi ila hela yote inaishia kwenye manila za rangi na stika, nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, hizo stika ndo zinakula hela, ziache kwanza. Manila moja ya A4 ukiikata nusu unapata A5 mbili, kila moja ukiikunja ni kadi ya A6, yaani kadi mbili kwa manila moja. Vipande usitupe, tia kwenye bahasha, ua dogo linataka kipande kama kidole gumba tu. Na gundi jamani, watu mnamwaga! chovya njiti ya kiberiti upake kidogo pembeni, tena karatasi haivimbi. Ila wembe ukiisha makali badilisha, huo usiubanie maana utakuchania manila nzima.